Moto wa pailoti wa boila ya zamani unazimika kila mara: niuwashe mwenyewe?

Swali: Fundi, shikamoo. Nakaa Leicester, Uingereza, nyumba ya kupanga. Boila yetu ya gesi ni ya zamani, imesimama sakafuni kwenye kona ya jikoni. Wiki hii kile kimoto kidogo cha ndani, pailoti, kimezimika mara tatu, hasa usiku wa upepo. Mwenye nyumba ananiambia kwa simu, "Bonyeza tu kitufe uwashe." Nabonyeza, moto unashika, nikiachia unazimika. Jirani kanishauri nikibane kitufe kwa selotepu. Mama amekuja kutoka Mombasa mwezi uliopita na baridi imemshinda, sasa anawasha oveni ya gesi na kuuacha mlango wake wazi. Naweza kuwasha boila mwenyewe bila hatari, au nisubiri fundi?

Jibu: Marahaba, dada. Kuwasha unaweza. Watengenezaji wa boila hizo waliweka kitufe mahali unapofika kwa mkono mtupu kwa sababu hiyohiyo, ili mtu wa kawaida asimwite fundi kila upepo ukivuma. Lakini ndani ya swali lako kuna mambo mawili yanayonitia hofu kuliko moto wenyewe: oveni na selotepu. Naanza na hayo.

Oveni izimwe leo, kabla hujamaliza kusoma. Haikutengenezwa ipashe joto chumba. Ikiwaka saa nyingi jikoni na madirisha yamefungwa, inakula hewa ya humo na inaweza kutoa kaboni monoksidi. Mama anaijua hatari hii hata kama hajawahi kusikia jina hilo: ndiyo ile ya jiko la mkaa kuingizwa chumbani, mlango ukafungwa, asubuhi watu hawaamki. Hewa hiyo haina rangi wala harufu, na huishika damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Mtu anaumwa kichwa, anahisi kichefuchefu na kizunguzungu, anadhani ni mafua, anajilaza. Mkiona nyote mnaumwa kichwa mkiwa ndani na mkitoka nje mnapata nafuu, hayo si mafua. Tokeni, kisha mtafute tabibu. Kwa sasa mpatie mama hita ya umeme, uichomeke moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani na si kwenye waya wa kuunganishia, pamoja na chupa ya maji ya moto na blanketi. Bili ya umeme itauma kidogo, lakini ni ya siku chache.

Sasa selotepu. Ili uone kwa nini nakukataza, lazima ujue kinachotokea unapobonyeza kitufe kile.

Pale kimoto kinapowaka kuna kijiti cha chuma, chembamba kama kalamu, ncha yake imekaa ndani ya mwali. Mafundi tunakiita themokapo. Ndani yake zimeungwa metali mbili tofauti, na kiungo hicho kikipata joto huzaa umeme mdogo sana, millivolti 20 hadi 30 hivi. Mjerumani Thomas Seebeck ndiye aliyegundua jambo hilo mwaka 1821. Umeme huo hautoshi kuwasha hata taa ya tochi, lakini unatosha kushikilia sumaku ndogo iliyo ndani ya vali ya gesi. Sumaku ikishika, gesi inapita. Moto ukizimika, themokapo inapoa, umeme unakatika, sumaku inaachia, na springi inaifunga gesi. Haihitaji umeme wa ukutani hata kidogo. Ndiyo maana umeme wa nyumba ukikatika kimoto kinaendelea kuwaka, na ndiyo maana hupaswi kuusingizia umeme kwa tatizo lako.

Unapobonyeza, kidole chako ndicho kinachofanya kazi ya sumaku. Unaishikilia vali kwa mkono mpaka themokapo ipate joto la kutosha ishike yenyewe. Kama uliwahi kutumia jiko la gesi lenye oveni kule nyumbani, lile la kubonyeza na kuhesabu hadi kumi kabla ya kuachia, basi unakijua kifaa hiki tayari.

Fikiria sasa umebana kitufe kwa selotepu. Upepo unaingia usiku, kimoto kinazimika, na gesi ya pailoti inaendelea kutoka ndani ya boksi hadi asubuhi, kwa sababu mlinzi umemfunga mikono. Na zaidi ya hapo hupati hata joto unalolitafuta, maana katika vali nyingi za aina hii kichomeo kikubwa, kile kinachopasha maji, hakipewi gesi mpaka kitufe kiachiwe. Huyo jirani ana nia njema, lakini usimfuate.

Haya, tuwashe.

Kwanza pua. Inama karibu na boila, kisha simama unuse juu. Nasema juu kwa sababu wengi wetu tumezoea mtungi, na gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni. Gesi inayokuja kwa bomba katika miji ya Uingereza kwa sehemu kubwa ni methani, nyepesi kuliko hewa, hivyo hupanda kwenye dari na kwenye makabati ya juu. Yenyewe haina harufu; harufu ile mbaya wanaiongeza makusudi ili uistukie. Ukiisikia, usiwashe kiberiti, usiwashe wala usizime taa yoyote. Fungua madirisha na milango. Nenda kwenye mita, zungusha mkono wa vali ya dharura mpaka ukae kwa kukatiza bomba. Ukiwa sambamba na bomba ina maana bado iko wazi. Toka nje, kisha piga 0800 111 999, namba ya dharura ya gesi. Wako macho saa 24, na kuwapigia ni bure.

Kama hakuna harufu, hakikisha gesi ipo. Jaribu jiko. Kama mita yenu ni ya kulipia kabla, angalia salio. Usicheke. Nimeshaendesha gari saa nzima kwenda kwa mteja aliyeniapia kwamba boila imekufa, nikakuta mita inasoma sifuri na mkopo wa dharura umekwisha. Gesi ikikatika kwenye mita, pailoti hufa pamoja nayo, na ukishaongeza salio haiwaki yenyewe. Kwako oveni inawaka, kwa hiyo gesi ipo, lakini nimeitaja kwa sababu wengine watakaosoma hapa tatizo lao litakuwa hilo tu.

Kisha zima saa ya boila na ushushe themostati ya ukutani mpaka mwisho. Hatua hii watu huiruka. Hutaki kichomeo kikubwa kiwake ghafla wakati uso wako uko kwenye kioo cha kuchungulia.

Sasa fungua kile kifuniko kidogo cha chini mbele ya boila, kinachofunguka kwa vidole. Ndani yake mara nyingi kuna lebo yenye maelezo ya kuwasha. Isome yote, na mahali itakapotofautiana na maneno yangu, ifuate yenyewe. Mpaka wako ni huo: panapofunguka kwa vidole ni pako, panapohitaji bisibisi si pako. Boksi kubwa la mbele usiliguse. Katika boila nyingi lile boksi ndilo linalozuia moshi usiingie chumbani, na anayeruhusiwa kulifungua ni fundi mwenye kadi ya Gas Safe, rejista rasmi ya mafundi wa gesi huku Uingereza.

Zungusha swichi ya gesi, ndiyo kile kitufe unachobonyeza, hadi kwenye alama ya kuzima. Subiri. Lebo nyingi zinasema dakika 3. Mimi nasubiri 5, nakunywa chai. Kuna sababu mbili. Gesi iliyobaki ndani ya boksi lazima itoke kwanza, kwa sababu methani ikifika kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa hulipuka ikipata cheche. Pili, vali nyingi zina kufuli la ndani linalokataa kuwashwa tena mpaka themokapo ipoe. Ukiona swichi ni ngumu haitaki kuzunguka, hiyo ndiyo sababu. Usiilazimishe kwa koleo.

Baada ya hapo zungusha hadi alama ya pailoti, mara nyingi ni kimwali kidogo kilichochorwa, na ubonyeze ndani kabisa. Ukiwa umebonyeza, piga kitufe cha cheche, kile kinacholia "tak", huku unachungulia kwenye kioo. Piga tena na tena, kila baada ya sekunde moja au mbili. Kama gesi ilikuwa imekatika, bomba la pailoti limejaa hewa, na hewa hiyo itachukua muda kutoka. Unaweza kubonyeza dakika nzima kabla mwali haujatokea. Usitumie kiberiti labda lebo yenyewe iseme hivyo.

Mwali ukishika, usiachie. Hesabu hadi 30 taratibu. Kisha achia polepole, usikurupuke.

Ukibaki, subiri dakika moja ukiutazama, halafu zungusha swichi hadi alama ya kuwasha, rudisha kifuniko, kaa kando, na ndipo upandishe themostati. Kichomeo kikubwa kinatakiwa kuwaka kwa mvumo laini. Kikiwaka kwa kishindo, zima na uite fundi.

Ukizimika, rudisha swichi kuzima, subiri dakika zako tena, safari hii shikilia dakika nzima. Mara tatu zinatosha. Ukijaribu ya nne utakuwa unamwaga gesi ndani ya boksi tu, na tatizo litabaki palepale.

Hapa ndipo nataka uache kufikiria kuwasha na uanze kufikiria kwa nini. Pailoti ya boila nzima inaweza kuwaka miezi bila kuguswa. Ikizimika mara moja usiku wa dhoruba, sawa. Ikizimika mara tatu kwa wiki, kuna kitu inakwambia, na namna inavyozimika ndiyo lugha yake.

Wewe umesema inashika, ukiachia inazimika. Kabla sijaishuku themokapo, nikuulize: unashikilia muda gani? Wengi huachia baada ya sekunde tano kwa sababu kidole kinauma. Kama ulishikilia sekunde 30 na bado, basi ama themokapo imechoka, ama nati yake imelegea pale inapoingia kwenye vali, ama mwali ni mdogo na hauifikii ncha, ama sumaku ya vali yenyewe imekufa. Ya kwanza ndiyo ninayoikuta mara nyingi zaidi. Ncha ile inakaa motoni mchana na usiku kwa miaka, lazima iishe. Ni kifaa cha bei ndogo. Unacholipia hasa ni mkono wa fundi atakayekibadilisha na kupima kwamba hakuna kinachovuja.

Angalia pia rangi na umbo la mwali kupitia kile kioo. Unaotakiwa ni wa bluu, umesimama imara, na umeikumbatia ncha ya themokapo. Ukiwa mdogo na dhaifu, kijitundu cha gesi kimeziba. Vumbi, nywele za paka na mabaki ya nguo zinazokaushwa jikoni huvutwa na hewa hadi pale. Ukiwa wa njano, unachezacheza, unaacha masizi kwenye kioo, moto haupati hewa ya kutosha, na hapo husubiri kesho: unazima boila na haiwashwi mpaka ikaguliwe.

Lakini umesema pia "hasa usiku wa upepo", na hilo silipuuzi. Huenda una matatizo mawili, si moja. Themokapo iliyochoka huikaribia tu ile nguvu ya kushikilia sumaku. Upepo mdogo ukiupinda mwali kwa sekunde chache, inaachia. Themokapo mpya ingevumilia. Kwa hiyo kuna uwezekano upepo ni shahidi tu, mkosaji ni yuleyule. Uwezekano wa pili ni dohani, njia ya kutolea moshi. Toka nje mchana uitafute. Kama boila inatoa moshi kwa kisanduku kilichopachikwa ukutani, tazama kama kizuizi chake cha waya kimevunjika, au mti wa jirani umekua mbele yake, au mtu ameegemeza godoro hapo. Kama moshi unapanda kwa bomba la zamani la matofali hadi paani, kunguru wadogo wa Uingereza wanapenda sana kujenga humo, na kiota kimoja kinatosha kuurudisha moshi chumbani kwako.

Ukigundua kwamba pailoti inakaa vizuri lakini inazimika dakika 10 au 20 baada ya kichomeo kikubwa kuwaka, hapo usijaribu tena hata mara moja. Baadhi ya boila zina kihisio kinachokata gesi kikihisi moshi unarudi ndani. Kuiwasha tena na tena ni kubishana na kengele.

Na tundu la hewa je? Boila ya dohani iliyo wazi hupumua hewa ya chumba ilimo, kwa hiyo ukutani au mlangoni kuna tundu lisilo na kifuniko, makusudi. Sisi watu wa pwani tukikutana na Januari ya huku, jambo la kwanza ni kuziba kila ufa. Mzee mmoja niliyemtembelea Birmingham alikuwa ameliziba lake kwa gazeti na gundi, vizuri kabisa, kazi ya mikono ya mtu mwenye subira. Akanionyesha kwa fahari. Juu ya boila ukuta ulikuwa mweusi. Nililibandua gazeti mbele yake, akanuna, akasema sasa tutakufa kwa baridi. Mkague mama asije akawa ameshaziba lenu kwa kanga.

Sasa mwenye nyumba. "Bonyeza tu kitufe" si jibu lake la mwisho, na sheria iko upande wako. Kanuni za usalama wa gesi za mwaka 1998 zinamtaka aikague boila kila miezi 12 kwa fundi aliyesajiliwa Gas Safe, na akupe nakala ya hati ya ukaguzi ndani ya siku 28. Mpangaji mpya huipata kabla hajahamia. Omba hiyo hati leo. Sheria ya wapangaji ya mwaka 1985 inamtwika pia kutengeneza vyombo vya joto na maji moto, si wewe. Na kwa England, tangu tarehe 1 Oktoba 2022 lazima aweke kengele ya kaboni monoksidi kwenye chumba kinachokaliwa chenye boila ya gesi. Kama hamna, usimsubiri, nunua moja ya betri kesho na umdai baadaye.

Mwandikie ujumbe, usipige simu, ili ubaki na ushahidi. Usiandike "boila mbovu". Andika hivi: "Pailoti imezimika tarehe fulani, fulani na fulani. Nimeshikilia kitufe dakika nzima mara tatu, ikizimika kila nikiachia. Naomba fundi wa Gas Safe na nakala ya hati ya ukaguzi ya mwisho." Mtu akisoma tarehe anajua kwamba unahesabu. Fundi akija, muombe kadi, igeuze nyuma: hapo pameandikwa kazi anazoruhusiwa kufanya. Anayeruhusiwa majiko tu si lazima aruhusiwe boila.

Usishangae akikwambia boila ibadilishwe. Tangu Aprili 2005 boila mpya za gesi huku England na Wales kwa kawaida lazima ziwe za aina ya kisasa, zile zinazovuna hata joto la mvuke wa moshi wake, na hizo huwaka kwa cheche, hazina pailoti ya kudumu. Kwa hiyo yenu karibu hakika imevuka miaka 20. Hiyo si sababu ya kuitupa kama inawaka bluu na dohani ni safi. Nimezihudumia za umri huo zinazofanya kazi vizuri kuliko mpya zilizofungwa ovyo. Lakini uamuzi huo ni wa mfuko wa mwenye nyumba, usikubali kuchangia.

Jaribu leo mchana, si usiku, na uniandikie mambo matatu: ulishikilia sekunde ngapi, mwali ulikuwa rangi gani, na ulizimika ukiachia au baadaye. Na mama mwambie nimemsalimu, oveni aiachie maandazi.